Maji Mlangoni: Tulivyoigiza Kinjeketile Iringa

Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein juu ya vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, ilichapishwa mwaka 1969, na kwa miaka mingi imeishi zaidi kwenye madaftari ya wanafunzi kuliko mbele ya watazamaji. Rika langu tuliipata kama kitabu cha mtihani. Tulijua kuandika "dhamira ya umoja" na "nafasi ya imani" kabla hatujamsikia mtu yeyote akiyatamka maneno ya Kinjeketile kwa pumzi yake yote. Kikundi chetu cha sanaa hapa Iringa kilipoamua kuiigiza bila jukwaa, bila pazia, bila kaniki wala mikuki ya mbao, nikapewa mimi kuongoza. Naandika niliyojifunza humo kwa sababu naamini tamthiliya hii bado ina mengi ya kusema, na hapa kwetu nyanda za juu kuna jambo ndani yake ambalo watu wa pwani hawawezi kulisikia kama sisi.

Mahali tulipata kwa mfanyabiashara wa nafaka, ghala lake likiwa tupu linasubiri mavuno. Sharti lake lilikuwa moja tu: magunia yakianza kushuka, sisi tunatoka. Kwa hiyo mazoezi yote tuliyafanya huku tukiulizana habari za mashamba ya Isimani, kama mahindi yamekauka au bado. Ghala la Iringa mwezi wa sita lina baridi inayopanda kutoka kwenye saruji hadi magotini, na baridi hiyo ikaja kutufaa baadaye.

Mjadala wa maleba ulikuwa mrefu. Wapo waliotaka Mjerumani avae suti na Mnyapara avae miwani ya giza, watu wajue kwamba tunazungumza habari za leo. Nilikataa, na bado nakataa. Suti ikishaingia, mtazamaji anaanza kukisia ni nani anayesemwa, na akishampata mtu wa kumsema, yeye mwenyewe ameshajitoa kwenye shauri. Sare za jeshi nazo hazikuwezekana, maana sheria ya nchi hairuhusu raia kuzivaa. Tukabaki na filimbi. Askari ni yule mwenye filimbi shingoni. Akiivua akamvika mwenzake, uaskari umehama. Wengine wote walivaa nguo zao za kila siku: masweta, vitenge, makoti ya mtumba, raba. Katikati ya onyesho filimbi ilihamia kwa kijana aliyekuwa mkulima kwenye sehemu ya kwanza, na ghala zima likaelewa bila maelezo kwamba askari wengi wa Mjerumani walikuwa Waafrika.

Nani asiyekumbuka mwanzo wa tamthiliya hii? Wanawake wawili, Bibi Kitunda na Bibi Kinjeketile, wanazungumza habari za njaa na kazi ya shamba la Bwana Kinoo. Kwenye kitabu ni kurasa chache tu, na mara nyingi huigizwa kama kitu cha kupitia ili wanaume waje. Mwigizaji wetu mmoja aliwahi kuchuma chai Mufindi. Tulipokuwa tunapanga onyesho hilo, mwenzake akaanza kuyasema maneno huku mikono ikichuma. Yule dada akasimama. "Hapana, mwalimu. Ukiwa kwenye mistari ya chai huongei hivyo, kapu linakudai. Maneno yanatoka kwenye foleni ya mizani." Tukaivuta katikati mizani ya ghala, ile ya kupimia magunia. Wanawake wakapanga foleni, Mnyapara akawa kimya na daftari lake, na kila aliposogea mmoja hatua moja, sentensi moja ikatoka. Hatukubadili hata neno la Hussein. Lakini njaa, ambayo shuleni tuliitaja kama "hali ngumu ya maisha", sasa ilikuwa na mwendo wake: unasema kidogo, unanyamaza, unatazama mshale wa mizani, unasema tena. Dada yule alinifundisha zaidi ya vitabu vingi vya uigizaji nilivyosoma. Anayejua kazi anajua pia mahali ambapo maneno huzaliwa katika kazi hiyo, na mwongozaji hana budi kumwuliza kabla ya kumpangia mahali pa kusimama.

Nije kwenye kiini. Kwa jinsi ninavyoisoma mimi, maji ni nusu tu ya tamthiliya hii. Nusu nyingine ni neno lililomtoka mtu likamzidi nguvu. Kinjeketile anatoka mtoni, Hongo, mzimu wa mtoni, amempanda, anatangaza umoja na maji ya kuwalinda watu na risasi. Katika maneno hayo hayo anasema kwamba Mjerumani akishaondoka, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Kitunda, mume wa yule Bibi Kitunda, ndiye anayeikamata sentensi hiyo na kumwuliza maana yake. Hapo Kinjeketile anaanza kuona kwamba huenda alichokitoa mtoni kinampeleka kwa bwana mwingine. Anataka watu wasubiri. Watu hawataki tena kusubiri.

Tulilionyeshaje hilo? Kwa simu, na hii ndiyo alama pekee ya zama hizi niliyoikubali. Waigizaji wa kundi la wananchi walikuwa na simu zao mifukoni. Kinjeketile alipotoka mtoni na kutangaza, walimrekodi kweli, pale pale. Usiku wa kwanza vijana waliokuja kutazama nao wakanyanyua simu bila kuambiwa na mtu. Ilipofika sehemu ambayo Kinjeketile anawasihi watu wangoje, wale wananchi wakatoa simu na kumchezea sauti yake mwenyewe. Ikaanza moja, ikafuata ya pili, kisha spika ndogo aliyoificha mmoja kwenye kikoi, zote zikipishana kidogo kidogo. Anasema ngojeni, na sauti yake ya juzi inawaambia watu maji yatawalinda. Kwenye mazoezi kijana aliyekuwa Kinjeketile alinyamaza, akatishika kweli. Nikamwomba asinyamaze, aendelee na maneno yake yote hata kama hakuna anayemsikia. Watazamaji wakawa wanaiona midomo inakwenda.

Historia yenyewe ilitupa ujasiri wa kufanya hivyo. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa bado changa kabisa. Neno likaendelea na safari bila yeye, likapanda kutoka Umatumbi hadi Mahenge, likafika Ubena na Ungoni. Hussein alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, asichukuliwe kuwa sawasawa na yule wa historia, na katika tamthiliya amemwacha hai mpaka gerezani ili tumwone mtu akikaa uso kwa uso na alichokianzisha. Kama mwandishi mwenyewe alijipa uhuru huo kwa sababu nzuri, nasi tulipaswa kuwa na sababu nzuri kwa kila uhuru tuliojipa.

Sasa mlango. Hapo ndipo onyesho letu lilipata umbo lake.

Maji ya vita ile, kama yanavyosimuliwa, yalichanganywa na mafuta ya mbarika na mtama. Sisi tulitumia maji matupu ya bomba, ndani ya mbeta ya mwanzi, ile ile wanayokingia ulanzi. Binti mmoja wa kikundi alisimama mlangoni, akawa anamwuliza kila anayeingia, "Unapokea maji?" Basi, hakueleza zaidi. Aliyekubali alimwagiwa kidogo kiganjani na kupakwa kwenye paji la uso, akapewa bua la mtama, akaelekezwa kulia, kwenye magunia matupu yaliyotandikwa. Aliyekataa alikwenda kushoto, kwenye viti.

Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza majibu, na majibu yale peke yake yalikuwa mchezo mzima. Wanachuo walipokea kwa kicheko, wengine wakarudi kuomba tena. Mama mmoja aliyevaa kitenge cha kwaya akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi nimeokoka. Maji ambayo sijui yameombewa wapi, sipokei." Kijana wa bodaboda akauliza kama kuna hela inatoka. Mume akapokea, mkewe akakataa, wakaagana mlangoni kana kwamba mmoja anasafiri. Kisha akaja mzee mrefu mwenye koti la sufi na fimbo. Alipoulizwa naye akauliza, "Ya nani?" Binti akajibu kama tulivyokubaliana: "Ya Kinjeketile, babu." Mzee akatikisa kichwa, akaenda kwenye viti. Tutarudi kwake.

Mbona tuliwagawa watu? Kwa sababu tupo Iringa. Mwaka 1905 moto wa Maji Maji ulipowaka kusini, Wahehe kwa sehemu kubwa hawakuupokea. Zaidi ya hapo, Septemba ya mwaka huo Kapteni Nigmann wa jeshi la Wajerumani alitoka boma la Iringa kwenda kuiokoa ngome ya Mahenge iliyokuwa imezingirwa, na wapiganaji wa Kihehe walikwenda pamoja naye. Kule Usangu nako mtawala wao, Merere, alikuwa upande wa Mjerumani. Kikundi kinachoigiza Kinjeketile Kilwa au Rufiji kina haki ya kusema "babu zetu walikunywa maji". Kikiigiza Iringa na kuyasema hayo hayo, kinawapa watazamaji ushujaa ambao katika vita ile haukuwa wao, na wanaojua watakaa kimya kwa adabu tu. Sikutaka adabu ya namna hiyo.

Vita tuliionyesha bila mlio wa bunduki. Kitunda aliwainua watu wa magunia kwa mkono, wakasimama na mabua yao, wakidhani bado ni mchezo wa kushiriki. Filimbi ikalia, mwigizaji akamfuata mmoja, akachukua bua lake polepole, akamwonyesha sakafu akae. Filimbi ikalia tena. Ilichukua muda mrefu, na sikuifupisha hata nilipoombwa. Wanaotaja waliokufa katika vita ile hutofautiana: hesabu ya Wajerumani ilikuwa 75,000, wanahistoria wa baadaye wakakadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa kwa makusudi. Sikuona vipi idadi kama hiyo ingeonyeshwa kwa dakika moja, hasa ndani ya ghala la mahindi. Mwishowe upande wote wa kulia ulikuwa umekaa juu ya saruji yenye baridi ya mwezi wa sita, na upande wa kushoto umekaa kwenye viti unawatazama.

Kisha mwigizaji mmoja, aliyekuwa amejificha kwenye viti kama mtazamaji tangu mwanzo, akasimama na kusema sentensi tulizoziandika sisi, habari za Nigmann na safari ya Mahenge. Kwenye karatasi ya onyesho tulieleza wazi kwamba maneno hayo si ya Hussein. Akakaa. Tukaingia gerezani, onyesho la mwisho, Kinjeketile amepigwa na anatakiwa aseme maji ni uongo. Anakataa, kwa kuwa akisema hivyo, watoto watakaokuja wataambiwa kwamba hata kupigana kulikuwa kosa.

Baada ya onyesho hatukuwaruhusu watu waondoke bila mazungumzo. Yule mzee wa koti la sufi ndiye aliyesimama wa kwanza. Akatusalimu, "Kamwene," tukaitikia, kisha akasema yeye ni mtu wa Kalenga.

"Mmesema kweli, sitabisha. Lakini mmeanza hadithi katikati, wanangu. Lugalo tulimpiga Mjerumani, kamanda wao Zelewski akafa pale pale. Akarudi na mizinga, akaivunja ngome yetu ya Kalenga. Mtwa Mkwawa akapigana miaka minne porini, mpaka akajipiga risasi mwenyewe asikamatwe. Kichwa chake wakakichukua. Miaka saba tu imepita, makaburi hayajaota majani, mnatuletea maji. Mngekuwa nyinyi mngepokea?"

Hakuna aliyemjibu upesi. Tarehe zake zote zinajulikana: Lugalo ni 17 Agosti 1891, Kalenga ilianguka Oktoba 1894, Mkwawa alikufa Mlambalasi Julai 1898, na fuvu lilirudishwa 1954, lipo Kalenga mpaka leo. Kila mtoto wa Iringa ameimbishwa habari hizo. Tulichokuwa hatujawahi kufanya ni kuziweka kwenye mstari mmoja na 1905. Kwenye akili zetu Mkwawa ni kitabu chake, Maji Maji ni kitabu chake, na kumbe ni wazee wale wale, wengine waliotoka Lugalo wakiwa vijana na kufika 1905 wakiwa na watoto wa kulisha.

Akasimama mama mmoja wa Kingoni, anauza vitenge hapa mjini. Wahehe na Wangoni ni watani, na utani huo umetokana na vita walizopigana wao kwa wao kabla Mjerumani hajafika. "Shikamoo, mzee," akaanza vizuri. Halafu akageuka kwenye viti: "Watani zangu, kumbe hata vita mnaitazama mmekaa!" Ghala likalipuka kwa kicheko. Mzee akamjibu kwamba Mngoni ndiye aliyewachosha Wahehe kwa vita mpaka wakahitaji kukaa. Wakarushiana hivyo kidogo. Kisha mama yule akaacha utani. Akasema tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, na kwao siku hiyo inakumbukwa kila mwaka. Akasema alipokaa chini kwenye saruji alimwona jirani yake wa sokoni kwenye kiti, akatamani kumwita.

Kijana mwingine, Mbena wa Njombe, akazungumza habari za misheni ya Yakobi, Wabena walivyoishambulia Septemba 1905 na walivyorudishwa nyuma. Alisema shuleni hakuwahi kuambiwa kwamba vita hiyo ilifika kwao. Aliyajua majina ya Matumbi yote.

Nilichojifunza usiku ule ndicho ninachotamani waongozaji wenzangu wakichukue. Tunapotaka kuifanya tamthiliya ya historia kuwa ya leo, tunakimbilia mavazi, taa na muziki, wakati upya mkubwa upo kwenye swali la mahali tulipo. Mahali penyewe pana kumbukumbu yake na ugomvi wake na kitabu. Ukiupa ugomvi huo nafasi ya kukaa, hata kwa viti na magunia tu, maandishi ya mwaka 1969 yanaanza kuwauliza watu waliopo ndani ya chumba. Na utani, ambao wengi wanauona ni vichekesho vya misibani na vijiweni, ni chombo chetu wenyewe cha kusemea yaliyo mazito baina ya makabila bila kuumizana. Ulifanya kazi ambayo mimi na mpango wangu wote tusingeweza.

Kuna msanii mwenzetu aliyetushauri tuyaondoe maneno ya Nigmann, kwamba yanachochea ukabila. Nilimsikiliza kwa heshima na sikukubaliana naye. Hussein mwenyewe anawaonyesha watu wakigombana kwa makabila yao, hakuwafichia, na ndiyo sababu umoja unaokuja baadaye una uzito. Ila kauli ya mzee ilinifanya nione kwamba tukio likitajwa bila yaliyolitangulia linakuwa shitaka. Usiku wa pili, yule mwigizaji wa kwenye viti alianza na Lugalo, akaja Kalenga, akaja Mlambalasi, ndipo akafika 1905. Hakuongeza neno la kutetea wala la kulaumu.

Usiku huo baadhi ya watu waliinuka kwenye viti wakaenda kukaa sakafuni na wale wengine. Mama mmoja alivua kitenge chake cha pili akawafunika wawili. Waigizaji wangu walitaka tuliingize hilo kwenye mpango, tupande mtu wetu wa kuanza ili wengine wafuate. Nilikataa katakata. Mtu akiinuka kwa kusukumwa na kilichomgusa, ameinuka. Tukimpandia mfano wa kufuata, tumemwibia uamuzi wake. Kuna usiku ambao hakuinuka mtu hata mmoja, na onyesho halikupungua kitu.

Sasa tunajiandaa kwenda Njombe, halafu Songea. Mbeta tutabeba ile ile. Dada wa chai anataka mizani ya kahawa kwa Songea, kwa sababu wakulima wa Mbinga wanaijua, na hilo nimelikubali mara moja. Mabishano yamebaki kwenye viti. Mama yule wa vitenge, ambaye siku hizi anakuja mazoezini na anatusahihisha Kingoni, anasema Songea tusiweke viti kabisa, watu wote wakae chini, maana kule hakuna nyumba ambayo vita haikuigusa. Mzee wa Kalenga anasema viti viende, tena viandikwe "Iringa", kwa kuwa Iringa ndiyo inayosafiri kwenda kujieleza. Waigizaji wengi wapo upande wa mama. Mimi nipo upande wa mzee, na nimewaambia kwamba kama sitawashawishi kabla hatujafika Njombe, tutapiga kura.